Dada, Hii Dawa ya Mti Itanusuru Figo za Mama?

  Vuteni viti, chai ya rangi iko mezani, na sukari nimeificha kwa makusudi kwa sababu ya mada yenyewe.

Siku hizi swali moja linanijia kwa sura nyingi, kutoka Shinyalu, Malava, Butere, na hata kwa vijana wetu walioko Nairobi. Nikiyakusanya yote, linakuwa hivi: "Dada, mama ana kisukari miaka mingi. Usiku nyayo zinawaka moto, macho yameanza kuona ukungu, na kliniki wamesema kuna protini kwenye mkojo. Sasa mjomba ameleta jerikeni ya lita tano, maji ya magome na mizizi. Anasema mama anywe gilasi asubuhi na jioni, na aache vidonge kwa sababu ndivyo vinavyoua figo. Tufanyeje?"

Nitawapa jibu fupi kabla chai haijapoa, kisha tuzungumze kwa utaratibu. Mama asiache vidonge, hata siku moja. Jerikeni iwekwe kando. Na wiki hii hii mpelekeni kliniki, muitaje hiyo jerikeni mbele ya daktari bila kuona haya na bila kumtukana mjomba. Mjomba amefanya hivyo kwa upendo.

Tena msinielewe vibaya. Mimi si mmoja wa wale wanaodhani kila kilichotoka msituni ni uchawi. Sisi ni watu wa Kakamega. Msitu wetu ndio kipande pekee kilichobaki Kenya cha ile misitu ya mvua inayofanana na ya Kongo, na kukhu (bibi) zetu walijua majani yake kabla zahanati haijajengwa. Nani kati yenu hajawahi kununua fungu la mizizi ya mukombero pale steji akautafuna njia nzima? Na pembeni mwa msitu huo huo, kikundi cha wakulima cha Muliru kinalima aina ya mrihani wenye harufu ya kafuri, kinakamua mafuta yake na kutengeneza balmu ya Naturub ya mafua na maumivu ya misuli. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2010. Lakini angalieni jambo moja: mafuta yale yalipimwa maabarani, watafiti wa taasisi ya icipe walisaidia, na kwenye kopo kumeandikwa linatibu nini. Hakuna aliyeandika kwamba linatibu kisukari, shinikizo la damu, utasa na mikosi kwa pamoja.

Turudi kwa mama. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka nenda miaka rudi, inajishika kwenye protini za mwili na kuharibu kuta za mishipa ya damu. Mishipa midogo kabisa ndiyo huumia mapema, na hiyo iko nyuma ya jicho, ndani ya figo, na inapolisha neva za miguu. Ndiyo maana mama analalamika macho, mkojo na nyayo kwa wakati mmoja. Siyo magonjwa matatu, wala hakuna aliyemroga. Mishipa mikubwa nayo haisalimiki, na hapo ndipo moyo na kiharusi vinapoingia.

Sasa, je, kuna mti uliowahi kusaidia dhidi ya madhara hayo? Upo. Nitawapa mitatu.

Wa kwanza ni mmea wa maua ya zambarau unaoitwa Galega, wa huko Ulaya. Wazee wao waliutumia kwa watu wanaokojoa kupita kiasi, dalili ambayo leo tunaijua vizuri. Tatizo ni kwamba mmea huo uliua kondoo malishoni. Wanakemia wakagundua kiini chake kinaitwa galejini: kweli kinashusha sukari, lakini ni sumu kwa binadamu. Wakatafuta ndugu zake wapole zaidi. Mmoja alitengenezwa Dublin mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kumtumia kwa wagonjwa wa kisukari. Huyo ndugu mpole ndiye metformini. Ndiyo, wapendwa, kile kidonge cheupe ambacho mjomba anakiita dawa ya wazungu kina ukoo wa mti.

Wa pili ni mtofaa, ule unaozaa matofaa. Mwaka 1835 kwenye gome la mizizi yake wanakemia walipata kitu kichungu wakakiita florizini. Mwaka 1886 daktari Mjerumani, von Mering, akaona kwamba kinafanya figo zitoe sukari kwenye mkojo. Lakini ukikimeza, utumbo haukichukui vizuri, na tumbo linaharisha. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kukirekebisha hadi tukapata dawa kama dapagliflozini na empagliflozini. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa wagonjwa wa figo 4,304, wengi wao wakiwa na kisukari. Waliopewa dapagliflozini, hatari ya figo kudorora vibaya, kuhitaji mashine ya kusafisha damu au kufa kwa ugonjwa wa figo au moyo ilipungua kwa asilimia 39. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaweka dawa za kundi hilo kwenye orodha ya dawa muhimu.

Wa tatu mnao jikoni: pilipili. Kile kinachowasha, kapsaisini, kikipakwa kwa kipimo huchosha neva zinazopeleka taarifa za maumivu. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha bandeji yenye kapsaisini asilimia 8 kwa maumivu ya miguu yanayoletwa na kisukari. Hubandikwa na mhudumu wa afya, na muda wake huhesabiwa kwa dakika.

Mmeona safari hiyo? Katika yote mitatu, mti ulitoa mwanzo, kisha watu wakauliza maswali matano: kiini ni kipi, kipimo ni kiasi gani, kinaumiza nani, kinachanganyika na nini, na baada ya miaka kadhaa waliokitumia wanaishi vizuri kuliko wasiokitumia? Jerikeni ya mjomba haijajibu hata swali moja kati ya hayo.

Mtaniambia, "Lakini Dada, tulisoma kwamba chuo kikuu fulani kimethibitisha mti huu unatibu." Nawaomba msome hadi mwisho. Vyuo vyetu vimefanya kazi nzuri kupima mimea ya Kenya, na kazi nyingi zimefanywa kwa panya. Panya hudungwa kemikali iitwayo aloksani, inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kisha hupewa maji ya mmea, na sukari yake hupimwa kwa saa kadhaa au wiki kadhaa. Ikishuka, mmea unastahili kuchunguzwa zaidi. Hapo ndipo utafiti unapoishia mara nyingi, na ni mwanzo halali. Lakini madhara ya kisukari kwa binadamu huchukua miaka mitano, kumi, kumi na tano. Kumpima panya wiki tatu ukatangaza kwamba figo za mama zimenusurika ni kama kutazama mahindi yaliyochipua jana ukaanza kuhesabu magunia. Tena dondoo la maabara limechujwa na kupimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa mnyama. Sufuria ya mjomba leo ina magome mengi, kesho machache.

Afrika Mashariki tumeshapitia somo hili. Mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge huko Tanzania, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za kule. Ilisemwa kinatibu kisukari, UKIMWI na mengine mengi. Wakenya walimiminika, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani. Na kuna walioacha vidonge vyao wakiamini wamepona. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Kisukari bado tunacho.

Hatari za jerikeni ni nne, nazo nitazitaja wazi.

Ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote: mgonjwa anaacha dawa inayofanya kazi. Sukari inapanda kimya kimya, na kwa kuwa hasikii maumivu anasema dawa ya mti imemfaa.

Ya pili, anakunywa vyote viwili kwa siri. Kama mti nao unashusha sukari, inashuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Chini ya 4 kwenye mashine ya kupima sukari ni hatari. Kama bado yuko macho na anaweza kumeza, mpeni haraka kitu chenye sukari kama nusu gilasi ya soda ya kawaida, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya. Akiwa amezimia, msimmiminie kitu mdomoni. Kimbieni naye hospitali.

Ya tatu, mti wenyewe unaweza kuwa ndio unaoua figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa na figo baada ya kumeza dawa za kupunguza uzito zilizokuwa na mmea wa jamii ya aristolokia. Wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ulikuwa mmea wa asili kabisa.

Ya nne ni ujanja wa wauzaji. Mwaka 2008, Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeporomoka. Chanzo kilionekana kuwa dawa haramu za nguvu za kiume zilizokuwa zimetiwa glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Wanne walikufa. Kwa hiyo ukiona unga wa mti usio na jina unashusha sukari kwa siku mbili kama miujiza, jiulize kuna nini humo.

Najua wengine wenu, hata niseme nini, jioni mtakunywa tu. Basi nisikilizeni kama dada yenu. Usinywe mti kama uko na mimba, unanyonyesha, au umeshaambiwa figo au ini lina shida. Usinywe mchanganyiko wa miti mingi. Ukikudhuru hakuna atakayejua ni upi. Usinunue chupa isiyo na jina la mmea, jina la mtengenezaji na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu. Jihadhari na dawa iliyokorogwa na asali, maana asali nayo ni sukari. Peleka chupa kliniki, mwambie daktari unachokunywa na kiasi gani. Na usipunguze kidonge hata nusu bila yeye. Ukiona macho ya njano, mkojo umepungua, uso umevimba au unatapika, acha mara moja uende hospitali.

Na wewe kijana ambaye kukhu wako ana mti anaouamini kwa dhati, usiupige teke. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapa mjini, na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo kizima cha utafiti wa tiba za asili. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi, kwa hiyo jamii inaweza kutoa ujuzi wake bila kunyang'anywa. Waulize kwanza masharti, yaandikwe, kisha mti uchunguzwe. Heshima ya kweli kwa kukhu ni hiyo.

Sasa tuongee yale ambayo tayari yamethibitishwa kulinda macho, figo na miguu. Uingereza walifuatilia wagonjwa wapya wa kisukari kwa takriban miaka kumi, matokeo yakatoka mwaka 1998. Waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Kwa wenye uzito mkubwa waliotumia metformini, madhara yote ya kisukari yakijumlishwa yalipungua kwa asilimia 32. Shinikizo la damu likidhibitiwa, faida inaongezeka.

Kwa hiyo mama akifika kliniki, muulizieni vitu hivi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu. Kwa watu wengi wazima lengo ni chini ya asilimia 7, ila daktari ataweka lake kwa umri wa mama. Mkojo kuangaliwa protini, na damu kuangaliwa kreatinini, angalau mara moja kwa mwaka. Macho kuchunguzwa kwa ndani kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Shinikizo la damu kila ziara. Na kwa kuwa protini imeshaonekana kwenye mkojo, muulizeni daktari kama anafaa kupewa zile dawa za ukoo wa mtofaa, au dawa za shinikizo zinazolinda figo. Kuuliza siyo ubishi. Vipimo vya kati ya ziara moja na nyingine vinaweza kufanywa kijijini: tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP, wanapewa mikoba yenye mashine ya shinikizo na ya sukari. Mjue wenu ni nani. Na kama hamjajisajili na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jisajilini mkiwa wazima, msisubiri siku ya kulazwa.

Miguu ya mama iwe kazi ya mtoto mmoja nyumbani. Kila jioni aioshe kwa maji ya vuguvugu, aikaushe hadi katikati ya vidole, aangalie kidonda, malengelenge au funza. Funza wasichokolewe kwa pini ya nguo. Mpelekeni kwa mhudumu wa afya. Shambani avae gambuti au viatu vilivyofungwa, na avikung'ute kwanza kwa sababu mguu wenye ganzi hausikii jiwe. Usiku wa baridi asipashe nyayo joto jikoni karibu na moto. Kidonda chochote kisichopungua ndani ya siku mbili tatu ni safari ya hospitali, siyo ya majani ya kubandika.

Namalizia na maswali mengine mliyouliza, haraka haraka.

"Dada, ni kweli metformini inaua figo?" Hapana. Figo zikichoka sana, haziwezi kuitoa mwilini, ndiyo maana daktari huipunguza au kuisimamisha. Watu huona imesimamishwa figo zikiwa zimeharibika, wakadhani ndiyo iliyoziharibu. Aliyeziharibu ni sukari, mara nyingi akishirikiana na shinikizo la damu. Kama inakusumbua tumbo, imeze pamoja na chakula, na umwambie daktari.

"Karela, mlonge, mdalasini, uwatu?" Kama chakula na kiungo, kuleni kwa kiasi. Kuhusu karela, mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2012 yalisema ushahidi hautoshi kuitegemea kama tiba. Unga wake wa kumeza kila siku pamoja na vidonge unahitaji kupima sukari mara kwa mara.

"Na mukombero?" Tafuneni kwa utamu wake. Kisukari msiukabidhi.

"Nipake pilipili kwenye nyayo zinazowaka?" Usithubutu. Utaungua, na kama mguu una ganzi hutajua hadi ngozi itoke. Kuna dawa za hospitali za maumivu ya neva; ziulizie.

"Tule nini sasa?" Nusu ya sahani iwe mboga: lisutsa, tsisaga, likhubi, mrenda, miro. Robo iwe obusuma (ugali), na robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki au ingokho (kuku). Soda, maandazi na chai ya sukari viondoke, na muwa usitafunwe njia nzima eti kwa sababu umetoka shambani kwetu. Ila wale ambao figo zimeshachoka, waulize daktari kuhusu musherekha, yale maji ya majivu ya kupikia mboga, kwa maana yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu zinashindwa kuitoa.

Wadogo zangu, hukumu yangu ni hii: huenda siku moja dawa ya figo itoke kwenye mti wa Kakamega, na nitafurahi kuwatangulia kupiga ngoma ya isukuti. Kufikia leo hakuna jerikeni iliyothibitishwa kulinda macho, figo au miguu ya mgonjwa wa kisukari. Vidonge, vipimo, chakula na viatu vimethibitishwa. Kama mzazi wako ana kisukari na hajapimwa mkojo wala macho mwaka huu, mpigie simu leo mkubaliane siku ya kwenda kliniki.